Sahani ya Watu wa Moto

Mpishi alikuwa akifua nguo za mama mkwe wake alipohisi kitu kinateleza ndani ya hanchifu. Akaifungua. Kulikuwa na vipande vya tango vilivyotafunwa nusunusu, vimefungwa kwa fundo dogo, kwa uangalifu, kama mtu anayeficha pete. Hanchifu ya pili ilikuwa na tango vilevile. Ya tatu ilikuwa na majani ya saladi yaliyosokotwa kwa ulimi mpaka yakawa kama uzi. Akabaki amesimama pale kwenye karo, povu likimtiririka viwikoni, akiutazama mlango wa chumba cha yule mzee.

Ndani, pasi ilikuwa ikitua juu ya meza. Ikatua, kikapita kimya kirefu, ikatua tena. Zamani mpita njia angedhani mle ndani kuna seremala. Mama Pasi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa amenyoosha nguo maisha yake yote, kwanza kwenye chumba cha dobi cha hoteli moja kubwa, halafu hapa nyumbani: mashati ya makarani, sare za walinzi. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito, wanaume wakiinyanyua walikunja uso. Mwanawe alimnunulia ya umeme. Akaitumia siku moja, akasema hiyo haipigi nguo pasi, inaipapasa tu, akaiweka juu ya kabati ili wageni waione.

"Mama," Mpishi aliita kutoka uani, "hanchifu zako ni hizi tu?"

Pasi ikanyamaza.

"Nani kakwambia ufue hanchifu zangu? Mimi bado nina mikono."

"Zilikuwa kwenye beseni pamoja na nguo nyingine."

"Basi ziache."

Hakuziacha. Alizifua, akazisuuza, akazianika kwenye kamba nyuma ya shuka, mahali ambapo mumewe hangeziona.

*

Mambo haya ya chakula yaliingia nyumbani humo kupitia kitanda. Fundi, mume wa Mpishi, alikuwa fundi makochi, na siku moja aliletewa kitanda cha kuchunguzia wagonjwa, ngozi yake imechanika, mali ya mama mmoja mtabibu. Mama huyo alitibu kwa Ayurveda, elimu ya zamani iliyotoka ng'ambo, isemayo kwamba kila mtu ana upepo, moto na maji mwilini, ila hakuna aliyegawiwa sawa na mwenzake. Kwa hiyo chakula kinachomjenga mmoja kinaweza kumbomoa mwingine. Alimkuta Fundi akitafuna vidonge vya kiungulia kama karanga. Akamshika mkono kusikiliza mapigo, akamtazama ulimi, akamuuliza maswali mengi, kisha akamwambia: wewe ni mtu wa moto. Acha pilipili, acha limau, acha vya kukaanga. Kula vya kupoza.

Kiungulia kikaisha. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kingeendelea, nyumba ingebaki salama.

Fundi, aliyezoea kulala ameegemea mito mitatu, sasa alilala chali kama mtoto. Na mtu aliyepona ana taabu yake: anataka kila mtu apone, hata asiyeumwa.

"Kochi huwezi kulivalisha kabla hujajua mbao zake za ndani," aliwaambia mkewe na mama yake. "Sisi humu ndani tumeishi tunavalisha tu."

Kwa hiyo ujira wa kile kitanda ukawa ni mtabibu kuwatazama watu wa nyumbani kwake. Mpishi aliambiwa ni mtu wa maji: mpole, mvumilivu, mzito kuamka, anayenenepa hata kwa kunusa. Asinywe maziwa, asile vitamu, ale vikali na vichungu. Alipolisimulia jambo hilo kwenye kantini ya kiwanda alikofanya kazi, wenzake walicheka wakashikilia meza. "Ndiyo maana supu yako nyepesi," mmoja alimwambia. "Kumbe unajimimina mwenyewe." Alicheka nao. Njiani kurudi hakucheka. Kuitwa mzito mbele ya mume na mama mkwe si jambo la kuchekwa mara mbili.

Na Mama Pasi? Mama Pasi alikaa kwenye kiti cha mtabibu wima kama msumari, mwanawe amesimama nyuma yake, akajibu yote. Usingizi? Nalala kama gogo. Njaa? Nakula hata mawe. Baridi? Siijui, mimi ndiye ninayeipa nyumba joto. Choo? Hapo aligeuka kidogo kumtazama mwanawe, akasema choo chake hakijawahi kumsumbua. Mapigo ya mkono yalimtatiza mtabibu. Aliushika mkono ule mara ya pili, akiwa ameinamisha kichwa, lakini Fundi akadakia:

"Mama yangu ni moto, mtabibu. Mimi nimetoka kwake. Huyu alikuwa akipanga makaa ndani ya pasi kwa vidole."

Mzee akatabasamu. Ikawa hivyo: mtu wa moto, kama mwanawe.

Toka siku ile jiko likawa na sufuria mbili. Moja ya watu wa moto, na pembeni yake tango, saladi, tikiti maji, maziwa ya baridi. Hata wali uliachwa upoe kwanza. Nyingine ndogo, ya Mpishi peke yake, ikichemka na pilipili yake na tangawizi yake. Mama na mwana walikula sahani moja, vichwa vimekaribiana. Mpishi alikula upande wa pili wa meza kama mpangaji.

"Kula, Mama, inapoza," Fundi alikuwa akisema.

"Naona inavyopoza," Mama Pasi alikuwa akijibu, hanchifu iko mapajani.

*

Shati lilikuwa la karani mmoja, jeupe, la kwenda nalo harusini. Mama Pasi alikuwa akiinua pasi aifikie kola, mkono ukamwisha. Haukutetemeka, uliisha tu, kama bomba maji yakikatwa. Pasi ikalala mgongoni mwa shati. Alipofanikiwa kuinyanyua kwa mikono miwili, shati lilikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi nzima, kutoka ncha mpaka kisigino.

Karani alikuwa mtu mstaarabu, na hilo ndilo lililouma. Alilishika shati, akalitazama kwenye mwanga wa mlangoni, akasema hamna neno, shati ni shati tu. Kisha akakohoa.

"Bibi, na zile suruali zangu... nitazichukua hivihivi."

"Hazijapigwa pasi."

"Najua. Nitazimalizia nyumbani."

"Una pasi nyumbani?"

Karani hakuwa nayo, na wote wawili walijua. Akazifumbata suruali kwapani, akaondoka kwa hatua za polepole, kama anayetoka chumba cha mgonjwa. Siku zilizofuata walinzi nao wakatuma watu wachukue sare zao. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Meza ya pasi ikabaki tupu, na Mama Pasi akaendelea kukaa mbele yake asubuhi yote, kama mwenye duka asiyetaka kufunga.

Habari zilimfikia Wifi upande wa pili wa mji, kwenye saluni yake, mikono yake ikiwa kwenye nywele za mtu. Wifi alikuwa binti wa Mama Pasi, mkubwa kuliko Fundi, na hakuwa na kawaida ya kupiga hodi kwa mama yake. Aliingia mpaka sebuleni, akamkuta mzee amekaa kwenye kochi ambalo Fundi aliliweka la maonyesho, akamshika mkono, akaitazama bangili yake.

"Hii ilikuwa haitoki hata kwa sabuni," alisema. Akaisukuma kwa kidole, ikapanda mpaka kwenye kiwiko, akamgeukia Mpishi. "Wifi. Mama yangu unampa nini?"

"Kile ndugu yako alichotaka apewe," Mpishi alijibu.

"Nimeuliza unampa nini. Sijauliza nani kataka."

Mpishi akataja. Tango, saladi, tikiti, wali uliopoa, maziwa.

"Kumbe umefuga sungura," Wifi alisema. "Kiwanda kizima kinakula mkononi mwako, mtu mmoja hapa ndani amekushinda?"

"Dada, usimsute," Fundi aliingilia. "Ni habari ya mwili. Mama ni mtu wa moto, na moto..."

"Mtu wa moto yuko wapi? Mimi hapa naona jivu."

"Mama, hebu sema mwenyewe," Fundi alisema. "Chakula hakikufai?"

Mama Pasi alitazama dirishani. "Chakula kizuri," alisema. "Ni hili joto tu la siku hizi, linanichosha."

Alikuwa amevaa sweta juu ya sweta. Wifi aliyatazama masweta yale, akamtazama mdogo wake, akamalizia kwa Mpishi.

"Jumamosi nakuja na gari. Anahamia kwangu. Na wakiniuliza mtaani kwa nini mama kahama kwa mwanawe wa kiume, mimi sitatafuta uongo wa kuwaambia."

Maana yake ilieleweka bila kutafsiriwa. Miaka yote ambayo Mpishi alikuwa amekaa kwenye nyumba ile, amelea, ameoza watoto, amemuuguza baba mkwe mpaka akamzika, yote ingekunjwa ikawa neno moja: alimnyima mama mkwe chakula. Mpishi tena.

Gari la Wifi lilipoondoka, Fundi alikaa pembezoni mwa kochi, akisugua magoti.

"Labda tunampa kidogo," alisema. "Tuongeze tango."

Mpishi alimtazama mumewe kwa muda. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, fupi, na mambo yangekwisha palepale. Hakuisema. Angeisema, mzee angeaibika mbele ya mwanawe, na kila tonge ambalo angekula baada ya hapo angelila na aibu yake. Mtu haoti nyama kwa chakula cha namna hiyo. Tena kulikuwa na jambo jingine. Wanawake wale wawili walikuwa wamegombana tangu siku ya kwanza, juu ya chumvi, juu ya mapazia, juu ya fagio lilazwe au lisimamishwe, lakini hakuna aliyewahi kumpeleka mwenzake kwa Fundi. Ilikuwa sheria pekee ya nyumba ile ambayo wote wawili waliitii, na hakuna aliyeitunga.

"Hatahama," alisema.

"Utamzuia dada yangu wewe?"

"Nitamlisha mama yako."

*

Asubuhi iliyofuata alimkuta Mama Pasi uani, amewasha mkaa ndani ya pasi, ameizungushia viganja. Hakukuwa na nguo mezani.

"Mama, njoo jikoni ukae."

"Nikae nini, nina kazi za watu."

"Huna. Wamezichukua."

Neno lilitoka kali kuliko alivyokusudia. Mzee alimtazama, akamfuata. Mpishi akammiminia bakuli la supu ya dengu kutoka kwenye sufuria yake mwenyewe, laini, inayofuka, tangawizi ikinukia mpaka mlangoni.

"Hii ya watu wa maji," Mama Pasi alisema.

"Ya watu wenye njaa."

Mzee alilishika bakuli kwa mikono miwili. Alikunywa kwanza kwa heshima, halafu akaisahau heshima. Mpishi alijishughulisha na kuosha kijiko ambacho kilikuwa kisafi.

"Hanchifu nilizianika nyuma ya shuka," alisema.

"Niliziona."

"Sijamwambia."

"Najua. Ungemwambia angekwishakuja na futi kunipima."

Wakacheka kidogo, kila mmoja upande wake.

"Ni meno?" Mpishi aliuliza.

"Mawili ya huku nyuma."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoacha kuchekea upande huu." Mama Pasi aliweka bakuli chini. "Haya, umefurahi? Mama mkwe wako kibogoyo, mwongo, na nguo zimemshinda. Nenda kasimulie kantini."

"Vaa viatu. Tunakwenda kwa yule mtabibu, mimi na wewe."

"Na kazi yako?"

"Kiwanda leo kitachelewa kula. Msimamizi atanifokea, nitamsikiliza."

"Mimi siendi kokote."

Mpishi akavuta kigoda, akakiweka katikati ya mlango wa jiko, akakikalia.

"Basi tutakaa," alisema. "Si mliniambia mimi ni mtu wa maji, mzito kuamka? Nikikaa hivi, Mama, sinyanyuki."

Mzee alitazama mlango, akamtazama aliyeuziba, akapima nafasi iliyobaki kila upande. Haikuwepo. Jua likapanda ukutani. Mtu akapita barabarani akiuza mifagio. Mpishi hakujitikisa.

"Viatu vyangu viko chini ya kitanda," Mama Pasi alisema mwishowe. "Nenda ukanichukulie, wewe uliyeumbwa kwa saruji."

*

Mtabibu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ndogo, na hakuwa mjinga. Aliwaona wamesimama mlangoni, akauliza jambo moja tu.

"Leo mwanao yuko wapi?"

"Kazini," Mama Pasi alisema.

"Vizuri."

Mpishi akageuka ili atoke nje, lakini mzee akamshika gauni. "Kaa. Umeshaona hanchifu, nikufiche nini tena."

Mpishi akakaa kwenye kile kitanda ambacho mumewe alikivalisha ngozi ya kijani. Maswali yakaanza upya, yaleyale.

"Usingizi?"

"Unakuja kunichungulia, unaondoka."

"Njaa?"

"Leo ipo, kesho hata salamu haileti."

"Baridi?"

"Miguu. Nalala na soksi za mwanangu."

"Choo?"

"Kama deni la jirani," Mama Pasi alisema. "Kila siku naahidiwa."

Mpishi aliuma mdomo asicheke. Mtabibu hakucheka. Alimtazama mzee kinywani, akamshika mkono, akausikiliza kwa muda mrefu, akaulaza polepole juu ya goti lake.

"Mwili wako una moto kidogo sana," alisema. "Wewe ni mtu wa upepo, na kwa umri huu upepo huzidi. Halafu mimi nikakupa vya baridi na vibichi. Ni kama kumfungulia madirisha mtu anayetetemeka."

"Nilikudanganya."

"Mdomo ulinidanganya. Mkono ulisema kweli, nikausikia, nikauacha. Kosa ni langu. Sikupaswa kumruhusu mwanao asimame nyuma yako. Nani atajibu habari za choo chake mbele ya mtoto wake?"

Akamgeukia Mpishi, akamweleza. Vya moto, vilivyopikwa vikalainika. Samli. Tangawizi. Chumvi na uchachu visiogopwe. Kibichi chochote kikae mbali kwa sasa. Kisha akainuka akafungua mlango.

"Na kutoka hapa mnakwenda hospitali, leo hiihii. Mtu akipungua namna hii, mimi simtazami kwa mapigo ya mkono peke yake. Na meno mabovu hayasikii supu."

Mama Pasi alikuwa ameshafika mlangoni aliporudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyesahau mwavuli.

"Unajua kwa nini nilisema mimi ni moto?" alimuuliza mtabibu, lakini macho yalikuwa kwa Mpishi. "Kabla hatujaja kwako mwanangu alikuwa akipigapiga hesabu zake: watu wa moto watakula chao, wasio moto watakula chao. Nikasema basi na mie ni huko huko. Alipokuwa mdogo nyumba yetu ilikuwa na sahani moja. Natoka hotelini nimechoka, tunakula humo, yeye anapekua wali wa upande wangu anatafuta nyama. Nilikuwa naificha kwa makusudi aitafute. Halafu akakua, akaoa."

Akamgeukia Mpishi.

"Hukufanya kosa kuolewa. Ila sahani zikawa nyingi."

Mpishi hakujua atazame wapi. Akatazama ukingo wa kile kitanda cha kijani, mishono ya mumewe, midogo, iliyonyooka, hakuna hata mmoja uliopishana.

Hospitali waliketi kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Meno mawili yaling'olewa. Damu ilikuwa pungufu; ugonjwa mwingine haukuonekana. "Ale," daktari alisema huku akimwita anayefuata. "Ale vizuri, arudi nimwone." Kiwandani, msimamizi alifoka kama ilivyotarajiwa, na Mpishi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, akiwaza boga.

"Sasa Fundi tunamwambia leo?" alimuuliza mama mkwe wake jioni ile, kwa sauti ya chini.

"Nitamwambia mwenyewe."

Lakini hakumwambia. Siku hiyo alisema mdomo unamuuma. Kesho yake alisema mwanawe amechoka. Ijumaa, Mpishi alipopita chumbani kwake, aliliona begi limesimama karibu na mlango, limefungwa, na pasi ya mkaa imewekwa juu yake. Akaelewa. Mzee alikuwa tayari kuhama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, kwa sababu kuondoka kulikuwa rahisi kuliko kusema.

*

Kantini ya kiwanda ilikuwa na watu wa kila namna. Huyu hatumii chumvi, daktari kamkataza. Yule bila pilipili haoni kama amekula. Mwingine hataki mafuta. Mpishi hakuwahi kuwapikia kila mmoja sufuria yake. Alipika moja, akaigawa mwishoni. Kwa nini nyumbani alikubali kutenganisha tangu mwanzo, hata yeye hakuweza kujijibu, labda kwa kuwa nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jumamosi aliweka jikoni sufuria kubwa. Wali, dengu na boga, pamoja, mpaka vikashikana. Fundi alifunua mfuniko akafunika.

"Sufuria moja? Mtabibu si alisema..."

"Subiri mezani."

Wifi alifika adhuhuri, gari likinguruma nje. Alilitazama begi mlangoni, akaridhika, akakubali kuketi maana harufu ilikuwa imeshamkamata. Mpishi akaleta sahani. Ya Fundi ilikuwa na majani ya giligilani juu na tango pembeni. Yake mwenyewe ilikuwa nyekundu kwa pilipili. Ya Wifi hakuifanyia lolote. Halafu akaleta nyingine, inayofuka, samli imeng'aa juu yake, tangawizi, na nusu ya limau ukingoni. Hiyo hakumpa mtu. Aliiweka katikati ya meza.

"Kila mtu avute yake," alisema, akakaa.

Mama Pasi alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, ubavuni mwa mwanawe. Fundi akasogeza sahani ikawa baina yao.

"Karibu, Mama. Anza na tango."

Mzee alitazama tango. Akatazama ile sahani ya katikati, kisha akamtazama Mpishi, na macho yake yaliomba kitu. Mpishi aliyaona. Alijua vizuri yanaomba nini: aseme yeye, aseme kwa niaba, mambo yaishe. Akainamisha kichwa, akaanza kula pilipili yake. Katika maisha yake yote hakuwahi kuwa mzito kama alivyokuwa dakika ile.

Mkono wenye bangili ukanyooka. Ukaivuta sahani ya katikati, ukachukua limau, ukalikamua.

"Mama, hilo limau," Fundi alisema. "Huo ni moto juu ya moto."

"Nipe mkono wako."

Fundi alidhani anataka kusaidiwa kuinuka, akampa. Mama Pasi akauvuta ule mkono chini ya meza, akauweka juu ya mguu wake. Fundi aliitambua soksi kwanza, akaitambua kuwa ni yake. Akaingiza vidole ndani ya soksi. Uso ukambadilika.

"Mama, huu mguu..."

"Ndio wangu. Una siku nyingi hivyo." Sauti yake haikuwa kubwa lakini haikuyumba. "Mimi ni mtu wa upepo, mwanangu. Tango silitafuni, nalificha. Usiku silali. Moto uliouona ulikuwepo, hukuota. Uliuona ukiwa mdogo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenitengea sahani yangu."

Wifi aliacha kijiko. Fundi akasogeza kiti chake kikagusana na cha mama yake, akainama, akaivua miguu ile soksi, akaipandisha yote miwili juu ya mapaja yake. Kwa mkono wa kushoto akaifumbata, mkono ule wa mtu wa moto; kwa wa kulia akaanza kula. Sahani mbili zilikuwa zimekaa ukingo kwa ukingo. Baada ya kitambo, Mama Pasi alinyoosha kijiko akapekua upande wa mwanawe, akachukua kipande cha boga.

Alikula polepole, upande usio na pengo. Hakuna aliyemwambia ale, hakuna aliyemwambia inapoza. Sahani ikaanza kuonyesha maua yake ya chini.

"Na begi?" Wifi aliuliza, funguo za gari bado ziko kidoleni.

"Lirudishe chumbani," Mama Pasi alisema. "Na ukitoka huko pitia jikoni uniletee chumvi. Huyu wifi yako ana mkono mzito kwa kila kitu isipokuwa chumvi."

"Chumvi iko ya kutosha, Mama," Mpishi alisema bila kuinua macho.

"Haitoshi," mzee alisema, akagonga sahani kwa kijiko aongezwe.